Kidole cha mwisho na herufi A

SWALI
Assalaam alaykum Bibi. Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari hapa Wete. Mchana naandika mitihani na barua za skuli, na usiku watoto wakishalala naandika kumbukumbu za mikutano ya kikundi chetu cha kina mama wa mwani. Laptopu yangu herufi A imechoka, haitoki mpaka niikandamize. Juzi nilikuwa namwombea mwanafunzi nafasi ya masomo, nikaandika "kufaa kwake katika sayansi", ikatoka "kufa kwake katika sayansi". Alhamdulillahi niliiona kabla ya kutia saini. Sasa nataka kibodi ya pembeni, nyembamba, isiyo na waya, niitumie kwa laptopu na kwa simu, maana umeme ukikatika simu ndiyo inayobaki na chaji. Kaka yangu yuko Dar es Salaam, ananishauri nichukue ya mekanika. Nimezitazama, nimeona swichi za rangi rangi na bei nzito. Nina laki mbili na nusu. Nichague vipi? Na kelele je? Chumbani tunalala watatu.
Mwalimu, Wete

JIBU
Waalaykum salaam, Mwalimu wangu. Hiyo "kufa kwake" imenikaa rohoni siku mbili nzima. Mtoto wa watu anaombewa heri, karatasi inamzika! Nimepiga taipu zaidi ya miaka thelathini, nilianzia mashine ya chuma, na msiba huu wa herufi A naujua vizuri.

Chukua ukurasa wowote wa Kiswahili uhesabu herufi zake. A inazipita zote. Andika "wanafunzi walifanya kazi ya maana" halafu tazama kidole gani kimefanya kazi kubwa. Mpangilio huu wa vitufe tunaoutumia, wa QWERTY, ulitengenezwa Marekani katika miaka ya 1870 na watu waliokuwa wakiandika Kiingereza. Herufi wanayoitumia wao kuliko zote ni E, na E iko chini ya kidole cha kati, kidole chenye nguvu. A wakaiweka chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, dhaifu kuliko vyote. Kwa hiyo mzigo mkubwa wa lugha yetu umekaa juu ya kidole kidogo. Ndiyo maana kwenye kibodi ya Mswahili A hufutika rangi mapema na huchoka mapema, na ndiyo maana mimi mtu akiniuliza kibodi namuuliza kwanza habari ya kidole hicho.

Kibodi ya laptopu, na zile za bei rahisi zinazouzwa madukani, ndani zina mpira wenye vikombe vidogo vilivyofudikizwa. Ukibonyeza kitufe kikombe kinabonyea, na herufi inatoka kitufe kikishafika chini au karibu na chini. Kidole dhaifu kikikatisha njiani, hupati kitu. Mpira ukizeeka unakuwa mgumu na mambo yanazidi. Kibodi ya mekanika kila kitufe kina swichi yake na springi yake, na herufi inatoka kitufe kikiwa bado njiani. Katika swichi za kawaida kitufe kinashuka milimita 4 na herufi inatoka kwenye milimita 2. Katika hizi nyembamba unazozitaka wewe, kinashuka milimita 3 na kidogo, na herufi inatoka kwenye milimita moja na nusu hivi, inategemea mtengenezaji. Kidole chako cha mwisho kinaweza kugusa na kuinuka. Kaka yako amekushauri vyema.

Wembamba nao una faida zaidi ya kuingia kwenye mkoba. Kibodi yangu ya kwanza ya mekanika ilikuwa nene, nyuma yake ilikaribia sentimita 4. Ilinilazimu nikunje mikono kwenda juu, na baada ya wiki mbili vifundo vya mikono vilikuwa vikiniuma hata kukuna nazi. Nikawa nakunja khanga mara nne naiweka mbele ya kibodi ili mikono ipande. Hii niliyonayo sasa ina sentimita 2 na kidogo, na khanga imerudi kabatini. Kama unaandikia meza ya kulia chakula, na meza yenyewe iko juu kwako, chukua nyembamba bila kufikiri mara mbili.

Rangi za swichi. Mtindo huu ulianza na kampuni ya Kijerumani ya Cherry, na wengine wakaufuata. Nyekundu inashuka laini moja kwa moja, huhisi kitu mpaka chini. Kahawia ina kijinundu njiani, kidole kinakihisi pale pale karibu na herufi inapotoka. Buluu ina kijinundu na mlio juu yake, ta-ta-ta, kama mashine yangu ya chuma. Buluu naipenda kwa moyo wote, lakini chumba cha watu watatu usiilete, utawaamsha wanao kwa kila neno. Kwako nakuchagulia kahawia. Ukishakijua kile kijinundu unaacha kugonga chini, na sehemu kubwa ya kelele hutokana na kugonga chini. Halafu tandika kitambaa kizito chini ya kibodi, au iweke juu ya kipande cha mkeka. Meza tupu ya mbao ni ngoma.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wauzaji hawalitaji, nalo kwetu sisi watu wa visiwani ni kubwa. Upepo wa bahari.

Nyumba yangu iko Kikwajuni. Madirisha yanafunguliwa asubuhi hadi jioni, na chumvi inaingia nayo. Mwaka wa pili wa kibodi yangu, A ikaanza kujirudia. Unaibonyeza mara moja, zinatoka mbili. Mtu wa lugha nyingine atasema ni dosari ndogo, afute aendelee. Sisi hatuwezi, kwa sababu A ya pili katika Kiswahili ni neno jengine. Niliandikia skuli moja barua ya kwenda ofisini: "Tumekata mnazi ulioelekea paa la madarasa." Ikaondoka ikisomeka "Tumekataa mnazi ulioelekea paa la madarasa." Barua ikarudishwa, na swali limeandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu: nani alikuleteeni mnazi mpaka mkaukataa? Mwalimu mkuu aliaibika, na mimi niliyeipiga ile barua niliaibika zaidi. Wewe laptopu yako imekumeza A moja, mimi kibodi yangu iliniongezea moja. Ugonjwa mmoja, dalili mbili.

Sababu yake ni hii. Ndani ya swichi kuna vibati viwili vya metali vinavyogusana. Vikigusana hudundadunda kidogo, muda mfupi mno, na kibodi imefundishwa kusubiri mdundo ule uishe ndipo ihesabu. Vikiingia kutu au uchafu mdundo unapita ile subira, na kibodi inahesabu mbonyezo mmoja kuwa miwili.

Nilikivua kifuniko cha A, nikaishika swichi ubavuni kwa kikoleo chake, nikaivuta wima. Ilitoka na miguu yake miwili ya shaba, na mguu mmoja ulikuwa na doa la kijani, dogo kama chembe ya ufuta. Nikawaza: swichi nyengine nitaipata wapi usiku huu? Halafu nikaitazama X. Kiswahili chetu hakina X. Miaka miwili ile swichi ilikuwa imekaa tu, mpya kama siku ilipotoka kwenye boksi. Nikaichomoa, nikaitia mahali pa A, na ile ya A yenye kutu nikaitia mahali pa X ipumzike. A ikatoka moja, safi. Ninaiandikia mpaka leo. Q nayo ni akiba ya pili kwa wasioitumia. Mimi Qur'ani naiandika kwa Q, kwa hiyo nimeiacha.

Kwa hiyo, Mwalimu, sharti langu la kwanza kwa mtu wa pwani ni swichi za kuchomoka. Ziko kibodi ambazo swichi zake zimechomewa kwa risasi kwenye bodi, na hizo A ikiharibika unahitaji fundi mwenye pasi ya kuchomea na mkono mtulivu. Zenye kuchomoka unahitaji kikoleo, na kikoleo mara nyingi kinakuja ndani ya boksi. Lakini shika hili: swichi nyembamba hazilingani baina ya kampuni na kampuni kama zinavyolingana zile ndefu. Ukitaka za akiba, nunua za aina ile ile ya kibodi yako.

Kuna na aina ya swichi zinazotumia mwanga. Badala ya vibati kugusana kuna mwale mdogo usioonekana, na kitufe kikishuka mwale ule unazibwa au unafunguliwa, ndipo herufi inatoka. Hakuna metali ya kugusana, kwa hiyo hakuna cha kuota kutu pale. Kwa mtu anayekaa karibu na maji kama wewe, ningeiweka mbele ikiwa utaipata.

Majina utakayokutana nayo. Keychron K3 ina vitufe 84, inauzwa ikiwa na swichi za kuchomoka au zisizochomoka, za mwanga au za vibati, kwa hiyo soma boksi neno kwa neno kabla hujatoa pesa. NuPhy Air75 nayo ina vitufe 84, swichi zake zinachomoka, na inakuja na kipokezi cha USB pamoja na Bluetooth. Logitech MX Mechanical ni nzuri kwa mkono, imara, na betri yake inadumu sana, lakini swichi zake hazichomoki, na ilipotoka mwaka 2022 ilikuwa dola 170 huko Marekani. Kwa laki mbili na nusu hiyo haikuhusu. Uangalie upande wa K3. Na ukiipata iliyotumika, lakini swichi zake zinachomoka na mwenyewe ni mtu unayemjua, usione haya kuichukua.

Vitufe 84 vinakutosha. Mishale ipo, safu ya namba juu ipo. Usikubali zile fupi zaidi ambazo mishale imefichwa chini ya kitufe chengine; utakuwa unarekebisha mtihani saa tano za usiku unatafuta mshale. Unajaza alama za darasa zima, hilo najua, na kibodi ndefu yenye namba pembeni ingekusaidia siku hizo. Lakini siku hizo ni chache katika muhula, na kibodi ndefu unaibeba kila siku.

Vifuniko vya vitufe: uliza kama ni PBT. Ni plastiki ngumu, haing'ai upesi kwa mafuta ya vidole. Plastiki nyengine, ABS, inang'aa, na utajua herufi gani itaanza kung'aa.

Habari ya kutokuwa na waya. Kwa simu utatumia Bluetooth; kile kipokezi cha USB hakiingii kwenye simu bila kiunganishi. Kibodi nyingi za aina hii zinakumbuka vifaa vitatu, na unahama kutoka laptopu kwenda simu kwa kubonyeza vitufe viwili. Ukiiacha kwa muda inalala ili kulinda betri, na ukirudi herufi ya kwanza inaweza kumezwa, kwa hiyo gusa kitufe chochote kisichoandika, kama Shift, kabla hujaanza. Taa za chini ya vitufe zizime. Ndizo zinazokula betri kuliko kitu chengine: hiyo MX Mechanical, kwa maelezo ya watengenezaji, taa zikiwaka inakwenda siku 15, zikizimwa inafika miezi 10. Na hakikisha inaweza pia kuandika kwa waya wa USB-C, siku ambayo betri imekwisha na barua inatakiwa asubuhi. Waliokuwa Unguja kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 wanakumbuka umeme wa waya wa chini ya bahari ulipokatika miezi mitatu. Mimi niliitoa mashine ya chuma chini ya kitanda nikaipangusa nikaandikia watu kwa mwanga wa taa ya mafuta. Nyinyi Pemba mlipata waya wenu kutoka Tanga mwaka 2010, lakini umeme ni umeme. Umefikiri vizuri kutaka kibodi itakayokubaliana na simu.

Na usinunue bila kuigusa, labda ikiwa inatoka mbali na huna njia nyengine. Nilipokwenda kununua yangu, duka moja la mjini lilikataa kufungua boksi mpaka nilipe. Niliaga nikatoka, nikaenda la pili. Wakikuruhusu, iunganishe na simu yako pale pale, uandike sentensi hii mara kumi kwa kasi yako ya kawaida, bila kutazama vidole: Ng'ombe wa ng'ambo amekataa kukaa. Ina A za kutosha, ina A mbili mbili, na ina kile kitone cha ng'. Halafu soma. Ikiwa katika mistari yote kumi ng'ombe amekataa na hakuna pahala amekata, lipa.

SWALI
Shikamoo Bibi. Nimenunua kibodi mpya, nzuri, lakini neno ng'ombe inaniandikia "ngómbe", na mtaa wetu wa Ng'ambo unakuwa "Ngámbo". Nilipoirudisha dukani muuzaji akasema hajawahi kusikia. Ni mbovu?
Kijana wa Ng'ambo, Unguja

JIBU
Marahaba mwanangu. Kibodi yako ni nzima, na muuzaji hajakudanganya, kwa sababu wateja wake wengi hawaandiki ng'. Kibodi haitumi herufi. Inatuma habari kwamba kitufe fulani kimebonyezwa, na kompyuta ndiyo inayoamua kitufe hicho ni herufi gani. Kompyuta yako imewekwa kwenye mpangilio unaoitwa US-International. Mpangilio huo ulitengenezwa kwa watu wanaoandika Kifaransa, Kihispania na Kireno kwa kibodi ya Kimarekani, na ndani yake kitone kinangoja. Kikifuatwa na irabu, kinaipanda kichwani: kitone na o vinakuwa ó, kitone na a vinakuwa á. Wao wanafurahi. Sisi ng'ombe wetu anavaa kofia.

Nenda kwenye mipangilio ya lugha ya Windows, ongeza kibodi ya US ya kawaida, halafu uifute hiyo ya International kabisa, usiiache pembeni, kwa sababu vidole vikigusa kitufe cha Windows pamoja na kitufe cha nafasi itarudi bila wewe kujua. Ukiwa kwenye kompyuta ya mtu na huna ruhusa ya kubadilisha, bonyeza kitone, kisha kitufe cha nafasi, kisha o. Kitone kitabaki pahala pake.

Na kama ukibonyeza alama ya @ zinatoka alama za kunukuu, sababu ni hiyo hiyo: kibodi ni ya Kimarekani na kompyuta inadhani ni ya Uingereza, au kinyume chake. Chagua mpangilio unaofanana na vilivyochorwa juu ya vitufe.

SWALI
Bibi, mimi nafundisha madrasa Makunduchi. Nataka kibodi nyembamba ya mekanika yenye herufi za Kiarabu, siioni popote. Nifanyeje?

JIBU
Maalim, nunua yenye herufi za kawaida. Kama nilivyomweleza kijana wa Ng'ambo, herufi zinatoka kwenye kompyuta. Ongeza Kiarabu kwenye mipangilio ya lugha, na utahama kwa kitufe cha Windows na cha nafasi. Kilichobaki ni macho yako, na kwa hayo ziko stika za herufi za Kiarabu. Chukua zile zenye mgongo unaopitisha mwanga, ubandike kwenye vifuniko vilivyofutwa vumbi na mafuta kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, kibodi ikiwa imezimwa. Vifuniko vya kibodi nyembamba ni vifupi na vingine vina bonde katikati, kwa hiyo pima stika moja kwanza kwenye kitufe usichokitumia. Na hapo, Maalim, angalia kabla hujachagua X, maana kwenye Kiarabu kitufe cha X ni hamza.